Wazee Kumi na Tisa wa Miono

Wazee kumi na tisa walishuka garini kutoka Miono, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye orodha. Niliwahesabu, nikarudia. Kumi na tisa.

Walikuja Bagamoyo kwenye kambi ya macho, kutolewa mtoto wa jicho. Daktari alikuwepo siku ile moja tu. Programu ya kuandikisha wagonjwa ilikuwa yangu, na wiki iliyotangulia nilikuwa nimeihamishia kwenye seva mpya, nikiisifia kama muuza pweza. Sifa yake kubwa: matoleo mawili ya programu yanakaa pamoja. Anayeingia leo anapokelewa na toleo jipya. Aliyekwisha kuingia anaendelea na la zamani mpaka atoke mwenyewe, asikatiziwe kazi. Toleo jipya nikalifungulia orodha yake, nikatulia zangu.

Nilimsahau karani wa Miono. Kule mtandao ukishakukubali huuachii, kwa hiyo yeye hatoki kwenye programu wiki nzima. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Wazee wake wote aliwaandika kwenye orodha ya zamani, ambayo hakuna aliyeisoma tena.

"Shikamoo, mama," nilimwambia muuguzi mkuu.

"Marahaba. Usinililie. Lenzi sitini, majina sitini."

"Na wasiofika je?"

"Watatu."

"Na lenzi za akiba?"

"Za akiba, mwanangu. Unajua maana ya akiba?"

Nilianzia kumi na tisa, nikashuka kumi na tano, nikashuka kumi. Kwenye soko la samaki ningeshaondoka na kapu limejaa. Huyu alinipa saba, na hapo alikuwa amenihurumia.

Karani wa Miono alikuwa amekuja nao. Nikamwambia, "Chagua wewe, ndiye uliyewaandika."

"Mie? Mie naishi nao hawa, kaka! Kisima kimoja! Chagua wewe unayerudi zako mjini."

Nikasema basi, waingie wasioona macho yote mawili. Nilipita nikiuliza mmoja mmoja, nikapita tena nikiomba niwe nimekosea. Walikuwa wanane.

Nilirudi kwa muuguzi. Hakuniacha hata nifungue mdomo.

Wa nane alikuwa bibi mmoja aliyekaa mwisho wa benchi. Nilimweleza, la seva sikulitaja.

"Daktari anarudi lini?" aliniuliza.

"Sijui, bibi."

"Haya. Nishike mkono basi. Gari liko upande gani?"