Kiti cha Magurudumu Nilichokipeleka Asembo

Chekeni tu, hata mimi ningecheka kama aibu isingekuwa yangu. Kazi yangu ni kutengeneza filamu za maisha ya watu, na mwaka jana nilimpata Achieng, anayeanika omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria, huko Asembo Bay. Miguu yake ilipinda tangu tumboni, kwa sababu mama yake alikuwa akimeza dawa za kifafa na hakuna aliyemwambia zinaweza kumdhuru mtoto. Mama mwenyewe hajawahi kulizungumzia jambo hilo hadharani. Nilikunywa chai kwake miezi mitatu (na chai yake ni sukari tupu) mpaka akakubali kuongea mbele ya kamera Jumamosi.

Sasa mimi na kimbelembele changu! Achieng hutembea kwa magongo, tena haraka kuliko mimi, nikaona hiyo haitoi huzuni ya kutosha, basi nikaazima kiti cha magurudumu kwa kanisa moja Kisumu bila kumuuliza Achieng wala mama yake, na Jumamosi yenyewe nikakishusha ufuoni na kusimamisha kamera kando yake.

Jamani, nani huku kwetu hajui maana ya kiti kipya na kamera? Mheshimiwa yuko njiani kuleta msaada! Dakika kumi hazikuisha, akina mama wa kikundi wakafika wakiimba, naibu wa chifu akaja na kofia yake, viti vya plastiki vikapangwa, mtu akaomba sala, na nyanya mmoja akajikalia kwenye kiti changu akinibariki kwa Kidholuo, mimi na watoto ambao hata sina.

"Bwana, salimia wananchi kidogo," naibu wa chifu akanisukuma mbele.

Niliposema kiti ni cha kuazima, cha picha tu, wimbo ulikatika. Kumtoa nyanya kitini sikuweza, kiti kikabaki naye, na pale kanisani nilikokiazima mpaka leo napita njia ya nyuma.

Achieng akanijia, hasira zimemjaa. "Kwani mimi nilikuambia nataka kiti? Sasa Mama amejifungia kwa nyumba. Anasema hawezi ongea hiyo maneno na kijiji mzima iko hapa."

Nikaenda kubisha. "Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe," akajibu kutoka ndani. "Enda salama."

Niliapa siku hiyo sitapeleka tena kwa mtu kitu ambacho hakukiomba, eti kwa ajili ya picha. Filamu iliisha, ina Achieng, ina omena, ina ziwa. Sauti ya mama haimo.