Boga Ambalo Sikuligusa

Mama mkwe wangu alishuka kwenye boti kutoka Moba akiwa na kifurushi cha nguo, kisu cha shambani kilichoviringishwa kwenye kitambaa, na kitunga chenye maboga matatu. Alikuja mbiombio. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, jambo ambalo hatukulitegemea, na kulihitajika mtu wa kumwinua kitandani, kumwogesha na kumpokea mtoto akilia. Nilipokiona kitunga kile nilifurahi mara mbili. Msaada umefika, na maboga ya Kirungu, kule milimani juu ya Moba, yamefika.

Mtu wa Kalemie kama mimi anayapenda maboga ya Kirungu hata kama hataki kuwasifu watu wa milimani. Huko juu kuna baridi, na boga lao linakua taratibu, ganda gumu la kijivu, nyama kavu na tamu. Ya kwetu huku kando ya ziwa yana maji mengi. Ukiyaoka, unapata uji.

Na mimi naoka. Nilianza nilipokuwa bado sijaoa, kwa uvivu tu. Tunapanga kwenye ua wa mama mmoja mjane anayeoka mikate ya kuuza, na tanuri lake la matofali liko hatua chache nyuma ya jiko letu. Mikate ikishatoka, tanuri linabaki na moto hadi mchana, na mama huyo hajali nani anaingiza nini. Basi nikajifunza kulipasua boga katikati, kulipaka mawese na chumvi na kuliacha humo mpaka kingo zijikunje. Baadaye nikawa nalikata vipande na kukitupia kila kipande pete ya kitunguu. Siku nikiwa na furaha najaza nusu boga kwa ndagala, yaani dagaa wakavu, pamoja na nyanya na pilipili. Marafiki zangu wananicheka kwamba ni mwanamume wa jikoni, lakini sijawahi kuona mmoja wao akibakiza.

Kwa hiyo nilijua nitamkaribisha vipi mama mkwe. Nilichosahau ni kwamba hawezi kula kwangu.

Kwao, mama mkwe hali nyumbani kwa mkwe wake mpaka ifanyike siku ya kuondoa haya. Siku hiyo inataka kuku, jembe jipya, na zaidi ya yote mjomba wa mke, maana yeye ndiye anayepokea. Mjomba wa mke wangu yuko Manono anachimba madini, na kila tukimpigia simu anasema atakuja mwezi ujao. Kwa hiyo tangu harusi mimi na mama mkwe tulikuwa watu wa kukwepana. Nikiingia, yeye anatoka. Tukikutana mlangoni, yeye anageukia ukuta, na mimi najifanya nimeangusha kitu. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na mwenye kuigharamia zaidi ni yeye. Zamani akija mjini alikuwa analala na kula kwa binamu yake karibu na soko, na mambo yalikwenda vizuri. Safari hii binamu alikuwa amekwisha kuhamia Kigoma.

Akalala kwetu, chumbani kwa binti yake, nami nikahamia kwenye kiti kirefu cha sebuleni. Alitupikia, alifagia, alifua. Bukari yake, yaani ugali, ilikuwa laini, na samaki wake niliwasifu hadi mke wangu akaona wivu. Lakini yeye mwenyewe hakutia kitu mdomoni. Chungu ni cha mkwe, makaa ni ya mkwe, chumvi ni ya mkwe. Nilinunua sufuria mpya nikidhani nimekuwa mjanja. Aliipokea, akaisugua vizuri, akatupikia sisi ndani yake. Mama mwenye ua alimletea sahani ya maharagwe, akaikataa kwa shukrani nyingi, kwa sababu kula cha jirani ni kutangaza kwamba kwa binti yako kuna njaa. Alikuwa anaishi kwa mkate alionunua mwenyewe na ndizi za barabarani. Mwanamke aliyezoea bukari mara mbili kwa siku akaanza kushika ukuta akisimama.

Hilo lingekuwa shida yake na mila yake, nami ningekaa kimya, kama mke wangu asingeliona. Aliliona. Akawa anaisogeza sahani yake pembeni. "Mama hajala, miye nitakula namna gani?" alikuwa anasema, huku kidonda bado kibichi na mtoto ananyonya titi lisilo na kitu. Mtoto akawa analia kilio kile cha njaa ambacho hakina mapumziko. Ikawa hivi: mama hali, kwa hiyo binti hali, kwa hiyo mtoto hali. Na mama mkwe, ambaye si mjinga, akaanza kusema atapanda boti inayofuata ili binti yake apate kula. Akiondoka, nani atamwinua mke wangu? Nilikasirika. Niliwakasirikia wote watatu, na mjomba aliyeko Manono nikamkasirikia kuliko wote.

Nikafanya ninachokijua. Nikachukua mojawapo ya maboga, nikalipasua, nikalijaza ndagala, nyanya, kitunguu, mawese, nikalisimamia pale kwenye tanuri kama mlinzi. Lilitoka limeiva hadi unaweza kulila kwa kijiko cha chai. Nikalipeleka hadi mlangoni pa chumba, nikaliweka chini, nikaondoka, kama heshima inavyotaka. Nilikaa sebuleni nikisikiliza. Baada ya muda nikamsikia mama mkwe akisema na mtoto.

Lazima nieleze hapo. Tangu mtoto azaliwe, tulikuwa tumepata mjumbe. Yale ambayo mama mkwe hawezi kuniambia usoni alikuwa anamwambia mtoto mchanga, kwa sauti ya kutosha kupita ukutani. Mutoto, ambia papa yako maji ya kuoga iko tayari. Mutoto, ambia papa yako makaa imeisha. Mtoto alikuwa hajui hata kushika shingo yake, lakini ujumbe wote ulifika.

"Mutoto," alisema sasa, "ambia papa yako asante. Ile boga inanukia muzuri. Tumbo ya nkambo yako haiko muzuri leo."

Nkambo, yaani bibi, ni yeye mwenyewe. Sahani ilirudi nzima. Nililila boga lile peke yangu, kwa hasira, na lilikuwa tamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Jioni nilikaa kitandani kando ya mke wangu, mama mkwe akiwa amekwenda kuanua nepi. Nikamwuliza nimekosea wapi, maana boga lilikuwa la mama yake, si langu.

"Yale mawili alinipa miye," alisema. "Ukinipa kitu mu nyumba ya bwana, kimekuwa cha bwana. Na kisu njo yako, na chumvi yako, na mukono yako."

"Yale mawili?"

Akanyoosha kidole chini ya kitanda. Kitunga kilikuwa pale, na ndani yake boga la tatu, kubwa kuliko yale mengine, bado limefungwa kwa kitambaa cha mama yake. Mama mkwe alikuwa hajalifungua wala kulitoa kwa mtu. Sijui kama alilibakiza makusudi, na mpaka leo sithubutu kuuliza, hata kwa kupitia mtoto.

Kesho yake, mikate ilipotoka, nilisimama sebuleni na mtoto begani, nikiupa mgongo mlango wa chumba. Nilijisikia mpumbavu. Nikasafisha koo.

"Mutoto," nilisema, "tanuri ya mama ya mikate ingali moto. Na ile moto haiko ya papa yako, njo ya mama ya mikate. Mutu mwenye kuwa na boga yake na kisu yake anaweza kuiingiza mule nzima, bila sufuria, bila chumvi. Papa yako hatagusa kitu."

Mtoto akanitapikia begani. Nikabaki nimesimama hivyo, na nilikuwa karibu kukata tamaa niliposikia kitunga kinaburutwa sakafuni.

Alipita nyuma yangu nikiwa nimegeukia ukuta. Kutoka dirishani niliona anavyosema na mama mwenye ua, na yule mama akamkabidhi ubao mrefu wa kuingizia mikate bila swali lolote. Boga likaingia. Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Boga zima likiingia kwenye tanuri bila tundu linaweza kupasuka, na nyama yote ikabandika kwenye matofali. Nilitembea huku na huku. Mwishowe nilishindwa, nikamsogeza mtoto dirishani na kumwambia, kwa sauti ya kufika nyuma ya jiko, kwamba boga linafaa litobolewe juu, hewa itoke.

"Mutoto," likaja jibu, "ambia papa yako nilianza kuchoma maboga mbele yeye hajazaliwa."

Mama wa mikate alicheka hadi akakaa chini. Mke wangu naye alicheka chumbani, akishika tumbo na kulalamika kwamba tunamuumiza. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu atoke hospitali.

Boga lilipotoka, ganda lilikuwa limekuwa jeusi upande mmoja na limelegea pote. Mama mkwe alilibeba kwa kitambaa chake hadi chumbani. Nikasikia kisu chake kinaingia, kisha harufu ikapita chini ya mlango, harufu ya sukari inayokaribia kuungua. Hakukuwa na sahani, ganda ndilo lililokuwa sahani. Nilikaa sebuleni, nimetega sikio. Kisha nikamsikia anatafuna. Mtu akila boga hatoi sauti kubwa, lakini mimi niliisikia. Sijawahi kusikia kitu kilichonifurahisha namna ile.

Baada ya muda mke wangu aliita. Alitaka bukari. Alitaka ndagala pia, na pilipili kama ipo. Nilikimbia jikoni.

Mlango ulipofunguliwa kidogo, nusu ya boga ilisukumwa nje, juu ya kitambaa. "Mutoto, hii nusu nkambo yako anakupatia. Wewe hauna meno, papa yako akusaidie." Niliipaka mawese na chumvi, nikaila sebuleni. Yeye alikula nusu yake upande wa pili wa ukuta. Siku ile mtoto alinyonya hadi akasinzia na titi mdomoni.

Hakupanda boti. Alipiga simu kwao, wakamtumia gunia la maboga kwa jina lake, na kila mikate ilipotoka aliingiza moja. Alibaki mpaka kidonda kikafunga na mke wangu akaweza kuchota maji mwenyewe. Kwa upikaji wangu wote, chakula bora kilichowahi kutoka kwenye tanuri lile ni kile ambacho sikutia mkono.

Siku ya kuondoka aliacha mbegu za boga, amezikausha juu ya bati. "Mutoto, ambia papa yako hizi mbegu njo zangu. Azipande nyuma ya tanuri. Maboga yenye yatatoka yatakuwa yangu, yeye anachunga tu."

Mjomba bado yuko Manono. Mashina yameparamia hadi juu ya tanuri, na sasa kuna boga moja linalokaribia ukubwa wa kichwa cha mtoto. Ninalitazama kila asubuhi, silishiki. Jana mama mkwe alipiga simu, akaomba simu iwekwe sikioni mwa mtoto, na hata mimi niliyekuwa mlangoni nilimsikia akiuliza kama boga lake limekomaa, maana anataka kuja kula.