Mato, si Macho

Mshairi wa Lamu aliketi dukani kwangu Malindi, mwaka 1984, akisahihisha kila nakala ya diwani yake mpya ya mashairi na nyimbo kabla sijaiuza. Aliibana kalamu hadi kucha zikawa nyeupe. Kila alipokuta “macho” alikata, akaandika “mato”, kwa Kiamu cha kwao. Wachapishaji walimbadilishia bila kumuuliza, vina vikavunjika.

“Lakini hiki ndicho Kiswahili sanifu, maalim,” Bi Kamaria, mteja wangu, alimwambia kwa upole.

Kalamu ikatoboa karatasi. “Huu ni wimbo wa kumlilia mamangu!” alifoka. “Amekufa akiniita kwa Kiamu. Nimjibu kwa lugha ya nani?”

Mshairi akavuta nakala nyingine, akaendelea kukata.