Draiva Niliyoitoa Mikumi

"Sawa, hakuna aliyekufa," nilimjibu kaka, "lakini usiseme ni kompyuta tu."

Alikuwa anachambua mchele uani kwetu Kilosa, na mimi nimekataa kula. Akasema mashine yenyewe ya zamani, ingezima tu siku moja.

"Haikuzima yenyewe. Mimi ndiye niliyeizima."

"Haya fundi. Umeipiga teke?"

Nikamweleza. Ofisi ninayofanyia kazi inatunza kompyuta za zahanati, nyingi za zamani, na diski zake zinaendeshwa na chipu za SCSI, njia ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta. Chipu hizo ni za ukoo mmoja ila vizazi tofauti. Ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, kuna draiva mbili, yaani programu za kuongea nazo: ya zamani inashika chipu za kwanza, mpya inashika za baadaye. Fundi wangu mkuu ndiye aliyezigawa hivyo. Mimi nikaona uchafu. Draiva mbili za nini, wakati hizi chipu ni ndugu? Nikaingiza namba za chipu zote kwenye orodha ya draiva mpya, ya zamani nikaitoa. Nikajaribu kwenye mashine ya ofisini, ikawaka vizuri. Hiyo ya ofisini ina chipu ya baadaye. Zile za kwanza sikuzifikiria hata kidogo.

Jumanne nikaipeleka kerneli hiyo kwenye flashi hadi zahanati ya Mikumi, nikaiweka kwenye mashine yao. Sheria ya fundi mkuu ni kwamba usiondoke mpaka umeizima mashine na kuiwasha mbele ya mwenyewe. Lakini gari la kurudi lilikuwa linapiga honi. Nikamwambia muuguzi mzee anayetunza kumbukumbu za kliniki ya watoto, "Tayari mama, endelea tu." Nikasaini kitabu kwamba nimeizima na kuiwasha.

Alhamisi umeme ukakatika. Uliporudi, mashine haikuiona diski yake.

Leo mchana yule mama akanipigia. Nikampa shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Nisamehe, nimekuharibia kazi. Nilichomoa waya umeme ulipokuwa unarudi. Mganga mfawidhi kasema kuanzia kesho anampa mwingine kumbukumbu, mimi nirudi kufunga vidonda. Labda ana haki. Mambo haya na uzee wangu wapi na wapi."

Nilijua palepale. Kumbukumbu zote zipo salama kwenye diski, ila draiva ya kuongea na chipu ile ya kizazi cha kwanza nimeitoa mimi. Na nikasema nini? "Usijali mama, hutokea." Mtu ninayempa shikamoo ananiomba msamaha kwa kosa langu, na mimi naupokea kabisa, kwa sauti ya upole.

"Si uirudishe hiyo draiva kimyakimya?" kaka akasema. "Mashine ikiwaka, yameisha."

"Ikiwaka, yule mama si atabaki ndiye aliyeiharibu?"

Akaendelea na mchele wake.

Nikampigia fundi mkuu, nikamwambia yote, pamoja na ile saini. Akauliza, "Kerneli ya mwanzo unayo?" Nikasema ninayo. Akasema, "Basi nenda," akakata.

Kesho asubuhi napanda gari la kwanza la Mikumi. Sitaanza na mashine. Nitaomba mganga mfawidhi aitwe kwanza, niseme mbele ya yule mama kwamba waya wake haukuharibu chochote, na kwamba kitabuni nilisaini uongo.