Mbung'o, Mende na Mbuzi wa Ntheo

Wivu mkubwa kuliko wote niliowahi kuubeba uliletwa na inzi. Miaka hiyo ya sabini nilikuwa nimehitimu shule ya jioni, na Kiingereza changu kilikuwa kizito cha kubomoa ukuta. Nilikaa mtaa wa Mbotela, chumba kimoja na rafiki yangu aliyefanya kazi kwenye maabara ya wadudu. Mwenye kichwa humo chumbani alijulikana, au mimi nilidhani hivyo.

Shida ni kwamba sote wawili tulimtaka binti mmoja. Mamake, Mkamba wa nyumba za mstari wa pili, alitukaribisha chai kila Jumapili baada ya kanisa. Mimi nilikwenda na maneno matamu. Mwenzangu alikwenda na habari za mbung'o.

"Tunawafuga kwa maelfu," alisema. "Madume tunawapiga miale. Hawafi, wanakuwa tasa tu, kisha tunawaachilia porini. Jike akipandwa na dume kama huyo, hazai kitu."

Binti akasogeza kiti karibu naye. Chai yangu ilipoa ikakaribia kuwa barafu.

"Hiyo miale yenu mjaribu kwa mende," nikaingilia. "Mende wa Mbotela hata bomu halimtishi!"

"Mende?" Akacheka. "Mende ni mwepesi, ndugu yangu. Miale kidogo tu, isiyomtosha hata mbung'o, na uzazi wake umekwisha. Ukitaka mgumu, tafuta nondo. Huyo anataka miale mingi kweli kweli."

Nondo! Kadudu kanakokufa kwa kugusa kioo cha taa! Na binti anaitikia kwa kichwa kama yuko mahubirini. Niliona wivu hadi kola ikanibana.

Ndipo mama akaweka kikombe chini. "Na wewe, kijana, unayeshinda na hiyo miale? Mimi nitapata wajukuu kweli?"

Moyoni niliimba haleluya. Mama alikuwa amekwisha kukubali kupokea kutoka kwa mwenzangu mbuzi wa ntheo, wale ambao kwa Wakamba wakishapokewa, binti ana mwenyewe. Sasa akasema mbuzi wangoje.

Habari zilienea kuliko moshi wa jiko. Akina mama waliondoa nepi zao kwenye kamba mwenzangu alipoanika koti lake la kazi, wakisema miale itaruka kutoka kwenye koti iingie kwenye nepi, na mtaa mzima uishe bila vizazi. Hata mimi, msomi, nilihamisha suruali yangu. Tahadhari tu.

Jumapili iliyofuata mwenzangu alikuja na kibeji cha kazini.

"Mama, miale imefungiwa nyuma ya ukuta mnene wa madini ya risasi. Wanaoingia ni wadudu, si mimi. Haishiki nguoni kama harufu ya mafuta ya taa. Na hiki tunavaa kifuani, kinapimwa. Miale ikinigusa, kinanisema. Hakijawahi kunisema."

Mama alikigeuza kibeji, akakigeuza tena. Mimi naomba kimya kimya kiseme hapo hapo.

"Na dume aliyepigwa miale," binti akauliza, "anajijua?"

"Wapi! Anavuma, anarukaruka, anachumbia kwa bidii kuliko wenzake. Lakini hakuna kinachozaliwa."

Binti akanitazama, polepole. "Kumbe wengine tunao hapa hapa."

Mama alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilicheka kuliko wote. Kicheko changu kilisikika hadi mtaa wa Donholm. Ndani nilikuwa nachemka kama sufuria ya githeri.

Mbuzi walipokewa.

Mtoto wao alipozaliwa nilikwenda kumwona nikiwa na suti niliyoishonesha ya kwenda kuposa. Nilimkagua kuliko daktari: vidole, masikio, kila kitu mahali pake. Alilia kwa sauti ya kuamsha Jogoo Road nzima.

"Haya, wewe wa mende," mama akaniambia, akinisukumia kifurushi. "Mbebe mwenzio basi, acha kumwangalia hivyo."

Nikambeba. Akanilowesha suti, akanyamaza, akalala. Pua yote ya babake. Nilitamani ingekuwa yangu.