Kushonwa au Kukatwa

Daktari alikuwa kijana, rika la mwanangu wa kwanza. Aliniamkia, akanionyesha picha ya goti langu, akasema gegedu limechanika, ule mto unaokaa kati ya mifupa. Mahali lilipochanikia nilipajua: nyuma ya zizi, nimejitwika majani ya ng'ombe, mguu ukateleza kwenye tope na goti likajipinda. Tangu hapo lilikuwa likikwama, halikunjiki halinyooki, nami nashikilia mgomba nikilitukana.

Mazoezi nilishafanya, sindano nilishachomwa. Ahueni ilikuja ikaondoka. Sasa yamebaki mawili, akasema, yote ni upasuaji wa matundu madogo tu. Akikikata kile kipande kilichochanika, nitatembea mapema, ila goti litasagika kabla ya wakati wake. Akikishona, goti litadumu, lakini nitatembelea magongo wiki nyingi, nisibebe kitu wala kuchuchumaa.

"Mama, nyumbani una mtu wa kukuuguza?"

Nikasema watoto wapo. Kwani si wapo? Wapo Dar na Arusha. Kihambani, kwenye shamba letu la migomba, tumebaki mimi, ng'ombe na kaburi la baba yao.

Jioni nilimpigia binti yangu, nikamwambia nitashonwa goti.

"Pole, mama! Umejikata na panga?"

Nikaeleza kwamba si kidonda, ni ndani, lakini neno kushonwa lilishaharibu mambo. Kwake kushonwa ni nyuzi mbili tatu na plasta. Akasema nikishatolewa nyuzi nimjulishe. Kaka yake akasema nitafute dada wa kazi. Kitinda mimba ndiye aliyenimaliza: "Vumilia, mama, Krismasi tunapanda wote."

Hee! Goti linajua Krismasi? Sisi Wachagga tuna ugonjwa wetu: mtu akishapanda nyumbani Desemba, mbuzi akachinjwa, anaona kazi ya mwaka mzima imekwisha. Miezi mingine mzazi atajijua. Nilitaka kumwambia hivyo hivyo. Nikamwambia ubarikiwe, mwanangu.

Nilikaa jikoni peke yangu, ndizi zimeshaiva, nikazifunika bila kuzionja. Nililitaka goti langu jamani! Nilitaka niendelee kupanda kanisani kwa miguu yangu mpaka uzeeni. Nilipojifungua kila mmoja wao, mama mkwe aliniketisha ndani, nanyweshwa mtori wa ndizi na nyama, jembe siligusi. Nilidhani ndivyo watu wanavyofanyiana. Wanasema mchumia juani hulia kivulini; basi kivuli ninacho, migomba imejaa tele.

Niliporudi hospitali sikungoja kuulizwa. "Kata," nikasema.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema kwa jinsi lilivyochanika, yeye angelishona, maana kipande kikishakatwa hakirudi tena. Akaniuliza kwa upole kama nimeongea na watoto.

"Nimeongea nao wote," nikamwambia. "Kata."