Butoyi Hayumo

Simu moja ndiyo iliyonitoa Kasulu. Mama Spesioza, karani wa ushirika wetu kule Kitahana, aliniambia, "Mwanangu, mbegu zimefika ghalani Kibondo, lakini mashine yako imewanyima watu. Njoo uone mwenyewe." Mvua ilikwishaanza na ghala lingefungwa Ijumaa. Asiyepata mahindi wiki ile asingepanda.

Mashine yenyewe ni kazi yangu, na nilikuwa naringa nayo. Zamani programu ya usajili, ya ghala na ya malori ziliunganishwa moja kwa moja. Ukigusa moja, nyingine mbili zinalala. Nikaweka basi la huduma katikati, si la abiria bali programu ya kusafirisha ujumbe: kila programu hulikabidhi ujumbe, nalo huufikisha unakotakiwa.

Alhamisi alfajiri nilipanda gari la Kibondo. Njia nzima nilikuwa nikiwalaumu watu wa ghala kimoyomoyo.

Kibondo nilichukua bodaboda hadi Kitahana. Mama alinilisha ugali wa muhogo na maharage kwanza, kisha akanipa karatasi ya walionyimwa. Butoyi. Butoyi. Butoyi tena, mpaka chini.

Kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Kwa kuwa mtandao hukatika na ujumbe mmoja hutumwa mara mbili, nililiagiza basi likatae wa pili iwapo jina la baba, siku ya kuzaliwa na simu ya nyumbani vinafanana. Jina la mtu mwenyewe nililiruka, maana makarani huliandika kila mmoja anavyojua.

"Na wewe unaitwa nani vile?" Mama akauliza.

"Butoyi," nikajibu. Niliona aibu kweli.

Kila ujumbe hutoka kwenye simu ya karani ukiwa na namba yake wa pekee, na hata ukitumwa mara mbili namba haibadiliki. Nikaliagiza basi litazame namba hiyo tu. Programu zote tatu sikuzigusa hata kidogo. Ujumbe uliokataliwa nao haukuwa umepotea; basi lilikuwa limeuweka pembeni, nikauachilia wote. Saa kumi ghala likapiga simu: wote wamo.

Ijumaa asubuhi nilisimama mlangoni mwa ghala nikiwa na furaha tele. Ndugu wawili wanaofanana walitoka, kila mmoja na mfuko wake. "Leo na mimi nimezaliwa," akasema yule wa nyuma.

Nilirudi Kasulu nikijua kosa langu lilipoanzia: wakulima niliowabuni kwa majaribio niliwazaa mmoja mmoja. Sasa kila nikilijaribu basi, natumia majina yetu: hutangulia kaka yangu Bukuru, nami humfuata. Tunafika wote.